UZI: Soapy Williams, gavana wa Michigan aliyewakera masetla Nairobi mwaka 1961

Kobe wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Wiki iliyopita tulibishana hadi usiku wa manane: je, yupo Mmarekani mwenye cheo aliyewahi kuwasemea Waafrika wa upande wetu kabla ya uhuru, hadharani, bila kuzunguka mbuyu? Nilisema yupo, mkaniambia nilete ushahidi. Ahadi ni deni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye kahawa na kashata akae.

Jina lake ni Gerhard Mennen Williams. Alikuwa gavana wa Michigan tangu Januari 1949 hadi mwisho wa 1960, mihula sita ya miaka miwili miwili, na kabla yake hakuna aliyewahi kushinda ugavana wa jimbo lile mara sita. Lakini ukiuliza wazee wa Detroit habari za Gerhard watakukodolea macho. Uliza Soapy. Mama yake alikuwa binti wa Gerhard Mennen, Mjerumani aliyehamia Marekani na kuanzisha kampuni ya Mennen, ile ya poda na sabuni za kunyolea ndevu. Mjukuu akapewa jina la babu, na mtaani wakamwongezea la biashara: Soapy, kama sisi tungesema Bwana Sabuni.

Hapo ndipo utamu unapoanzia. Kazaliwa Detroit tarehe 23 Februari 1911, mtoto wa kitajiri, kasoma Princeton, kisha sheria Chuo Kikuu cha Michigan, kwao ni watu wa chama cha Republican. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwa kipenzi cha mafundi wa viwanda vya magari.

Ilikuwaje? Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimkuta kijana, akavutiwa na sera za Rais Roosevelt, akahamia chama cha Democratic. Halafu akapata mwalimu. Frank Murphy, gavana wa Michigan wakati huo, alikuwa na mgogoro mkononi: wafanyakazi wa General Motors mjini Flint walikuwa wamegoma na kukaa humo humo kiwandani, hawatoki. Matajiri walitaka askari wakawatoe kwa nguvu. Murphy alipeleka askari wa jimbo kulinda amani, lakini akakataa kuwatumia kuwafukuza wagomaji. Mwanzoni mwa 1937 kampuni ikakubali kuzungumza na chama chao. Williams alifanya kazi chini ya Murphy, na Murphy alipoteuliwa mwanasheria mkuu wa Marekani mwaka 1939 akamchukua Washington. Kwa maoni yangu, ukitaka kumwelewa Soapy anza na Murphy. Ile sabuni ni kibandiko tu.

Vita ikaja, akaenda jeshi la majini huko Pasifiki, ofisa wa upelelezi kwenye meli zinazobeba ndege. Akarudi, akashika vyeo vidogo vidogo vya serikali. Mwaka 1948, ana miaka 37, akasimama kumpinga Gavana Kim Sigler.

Ngoja nichote pumzi, naendelea chini.

Kijana wa Kariakoo

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha nondo mkuu.

Kobe wa Pwani

Chama cha Democratic cha Michigan wakati ule kilikuwa kama duka lililofungwa, wenye funguo wanagawana vyeo vya posta. Soapy na mawakili wenzake vijana wakaungana na vyama vya wafanyakazi, hasa kile cha viwanda vya magari cha Walter Reuther, wakakichukua chama tawi kwa tawi. Mmoja wa mawakili wenzake ofisini alikuwa Martha Griffiths, mama aliyekuja kuwa mbunge maarufu Washington.

Kampeni zake ndizo zilizomtofautisha. Alfajiri yuko kwenye lango la kiwanda anapeana mikono na zamu inayoingia, jioni yuko kwenye dansi za vijijini, zile ambazo mtu mmoja hupaza sauti kuwaelekeza wachezaji waende kushoto, wageuke, washikane mikono. Mpaza sauti alikuwa yeye mwenyewe! Shingoni hakosi tai ya kipepeo ya kijani yenye madoadoa meupe. Wapinzani walimcheka, na kumbe kila wanapomcheka wanamtangaza. Sigler akaanguka.

Baada ya hapo msidhani alikuwa anashinda kwa mteremko. Mwaka 1950 alimshinda Harry Kelly kwa kura 1,154 tu katika jimbo la kura karibu milioni mbili. Mwaka 1952 Eisenhower, mgombea urais wa Republican, aliichukua Michigan kwa kishindo, Soapy akapenya hivyo hivyo kwa kura 8,618 dhidi ya Fred Alger. Mara zote mbili roho mkononi.

Na kuna kisa cha Julai 1950 ambacho nusura kimmalize kabisa. Alikwenda kukagua gereza la Marquette, kaskazini ya mbali. Wafungwa wakamvamia humo ndani, wakamkaba, wakitaka kumfanya mateka ili watoke naye. Mlinzi wake akafyatua risasi, mfungwa mmoja akafa. Gavana akatoka mzima. Novemba yake ndipo akashinda kwa zile kura 1,154.

Binti Pemba

Kaka Kobe, unatuchelewesha na tai za kipepeo. Nairobi iko wapi? 😀

Kobe wa Pwani

Dada yangu, mwenda pole hajikwai. Huwezi kuielewa Nairobi bila kuelewa alivyokuwa akitawala kwao.

Kwa miaka 12 Soapy hakuwahi kuwa na bunge la jimbo mkononi mwake. Seneti ilikuwa ya Republican mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mipaka ya majimbo ya uchaguzi iliwapa watu wa mashamba uzito kuliko umati wa Detroit. Kwa hiyo alijifunza siasa ya mtu asiye na kura za kutosha ndani ya ukumbi: unatoka nje, unawaambia wananchi kwa sauti kubwa unachotaka, unawaacha wao wawasukume wabunge. Mara nyingine ilifanya kazi. Mwaka 1955 Michigan ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi kwenye ajira, jambo alilolidai tangu alipoingia.

Ushindi wake mkubwa ni daraja. Michigan imekatwa vipande viwili na maji, na kati ya kipande cha kusini na cha kaskazini kuna mlango bahari wa Mackinac (wenyewe wanatamka Makinoo, usiniulize kwa nini). Watu walivuka kwa pantoni. Msimu wa kuwinda kulungu ukifika, foleni ya magari inakwenda maili na maili, watu wanalala barabarani. Wasomaji wa Kigamboni na Likoni sina haja ya kuwachorea picha. Kamati ya kutafuta fedha ilianzishwa 1950 chini ya seneta wa zamani Prentiss Brown, mhandisi akawa David Steinman, ujenzi ukaanza 1954, na tarehe 1 Novemba 1957 magari yakapita. Urefu wake ni kama kilomita 8, gharama karibu dola milioni 100, na wafanyakazi 5 walikufa wakati wa ujenzi.

Pigo lake kubwa nalo ni mshahara. Mwaka 1958 biashara ya magari ilianguka, mapato ya jimbo yakaanguka nayo. Soapy alitaka kodi ya mapato, hasa kwa makampuni na wenye nacho. Seneti ikataka kodi ya mauzo iongezwe, ile inayomgusa kila anayenunua mkate. Wakavutana hadi hazina ikakauka. Mei 1959 siku ya mshahara ikafika, watumishi wa jimbo hawakulipwa. Magazeti ya nchi nzima yakaandika kwamba Michigan imefilisika. Kwa mtu aliyekuwa akitajwatajwa kwa urais wa 1960, biashara ikaishia hapo.

Mimi sioni kwamba kosa lilikuwa lake peke yake, wale wa seneti walikuwa wanamsubiri ateleze. Lakini gavana ni gavana. Mtumishi akikosa mshahara hamtafuti seneta.

Mtu wa Uvira

Ndugu zangu, nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, naishi Grand Rapids, hapa hapa Michigan. Tuko wengi, makanisani tunaimba Kiswahili. Daraja hilo nimelipita mara mbili. Njia za katikati sakafu yake ni wavu wa chuma, unachungulia unaona maji chini kabisa, na matairi yanalia vuuuu kama nyuki. Mke wangu alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Kuna watu wa daraja kazi yao ni kukuendeshea gari lako kama umeshikwa na woga, sikutaka aibu nikaendesha mwenyewe. Jina la Williams nimeliona kwenye jengo la serikali kule Lansing. Kumbe ndiye huyu.

Kobe wa Pwani

Kaka wa Uvira, asante sana, karibu. Usiondoke, utahitajika mbele.

Haya, Nairobi.

Katikati ya 1960 Soapy alimuunga mkono mapema Kennedy, aliyekuwa akiusaka urais kwa chama chao, akapeleka nyuma yake wajumbe wa Michigan na vyama vya wafanyakazi. Kennedy alipomchagua Lyndon Johnson kuwa mgombea mwenza, Soapy alipinga waziwazi ndani ya mkutano mkuu, kwa sababu ya msimamo wa watu wa Kusini juu ya haki za weusi. Likumbukeni jina la Johnson. Oktoba mwaka huo huo, saa nane usiku, Kennedy alisimama kwenye ngazi za chuo kikuu pale Ann Arbor akawauliza wanafunzi kama wako tayari kwenda kufanya kazi nchi maskini. Ndipo ilipochipuka Peace Corps, mpango wa kupeleka vijana wa Kimarekani kujitolea ng'ambo, na Ghana na Tanganyika zikawa kati ya nchi za kwanza kupokea vijana hao mwaka 1961.

Soapy alitarajia uwaziri kamili, ule wa afya, elimu na ustawi. Akapewa Waziri Mdogo wa Mambo ya Nje anayeshughulikia Afrika. Kennedy alimtangaza tarehe 1 Desemba 1960, hata kabla hajamtangaza waziri mwenyewe wa mambo ya nje, akasema cheo hicho hakizidiwi umuhimu na kingine. Wengine walisema ni pipi ya kumnyamazisha. Yeye akaichukua kama kampeni ya saba.

Februari 1961 akapanda ndege kuja Afrika. Sasa wekeni picha kichwani. Kenya iko katikati ya uchaguzi, chama cha KANU kinasema hakiundi serikali mpaka Kenyatta aachiwe, na Kenyatta bado yuko kizuizini Lodwar. Masetla, wale walowezi wa kizungu, wana hasira, wanaona London inawauza. Anashuka Mmarekani mrefu mwenye tai ya kipepeo, anapeana mikono na kila mtu kama yuko lango la kiwanda Detroit. Waandishi wanamuuliza Marekani inataka nini kwa Afrika. Anajibu kwamba inachotaka ni kile Waafrika wanachojitakia wenyewe. Habari ikaruka kwa maneno mafupi: Afrika kwa Waafrika.

Pakawaka moto. Magazeti ya London yakamshambulia, masetla wakasema anawafukuza, bungeni Uingereza ikawa kelele. Ikabidi afafanue kwamba Mwafrika kwake ni yeyote anayejihesabu kuwa wa Afrika, awe wa rangi gani. Tarehe 1 Machi waandishi wakamkabili Kennedy, wakidhani atamruka. Kennedy akasema kauli hiyo haioni kuwa na ubaya, kwa sababu hajui Afrika iwe ya nani mwingine. Ukumbi ukacheka, mjadala ukafungwa.

Agosti mwaka huo huo akiwa uwanja wa ndege wa Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini enzi hizo, mlowezi mmoja wa kizungu akamsogelea na kumpiga ngumi ya uso.

Kijana wa Kariakoo

Ngumi kabisa?? Waziri wa Marekani?

Mzee Kiroboto

Mwanangu Kobe, umeandika vizuri lakini mimi nimeishi miaka ile. Maneno ni rahisi. Huyo bwana alisema Afrika kwa Waafrika, na mabomu yaliyoanguka kwa jirani zetu Kongo yalitoka wapi? Ureno ilipiga watu Angola na Msumbiji kwa silaha za nani? Usituuzie sabuni.

Kobe wa Pwani

Shikamoo mzee. Hapo umegonga penyewe, na wala sikatai.

Ureno kwanza. Machi 1961 Marekani ilipiga kura Umoja wa Mataifa dhidi ya Ureno juu ya Angola, jambo lililowashtua Wareno, kwani wote wawili wamo NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Soapy alikuwa miongoni mwa waliotaka kubana zaidi. Lakini Marekani ilikuwa na kituo cha kijeshi visiwa vya Azores, mali ya Ureno, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa 1962. Wakubwa wa idara ya Ulaya wizarani wakasema kituo kwanza. Sauti ya Soapy ikawa ya tatu au ya nne mezani. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam Juni 1962, na silaha ilibidi watafute kwingine.

Afrika Kusini alipata nusu mkate. Agosti 1963 Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuiuzia silaha serikali ya makaburu mwisho wa mwaka. Vikwazo vya uchumi, hapana.

Mnaona mfanano? Yale yale ya Michigan. Anasema kwa sauti, watu wa nje wanamshangilia, na ndani ya ukumbi kura hana. Tofauti ni kwamba Michigan alikuwa na wapiga kura wa kuwatishia maseneta. Washington, wapiga kura wake walikuwa Waafrika, nao hawapigi kura Marekani.

Halafu Kennedy akauawa, na rais akawa nani? Johnson, yule yule ambaye Soapy alimpinga mkutanoni.

Mtu wa Uvira

Niruhusuni hapo kwa Kongo. Wazee wetu walisimulia waasi walioitwa Simba walivyoingia Uvira Mei 1964, vijana wenye dawa wakipiga kelele mai Mulele, risasi igeuke maji. Agosti wakachukua Stanleyville, Kisangani ya leo. Ndege zilizokuja kuwapiga zilikuwa za Amerika, marubani Wakuba waliomkimbia Castro. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashushwa Stanleyville na ndege za Amerika kuokoa mateka wazungu. Mateka wengine waliuawa asubuhi ile ile, na Wakongo waliokufa mwaka ule hakuna aliyewahesabu. Mzee Kiroboto anasema kweli. Huyu Williams alikuwa wapi?

Kobe wa Pwani

Alikuwa ofisini kwake, kaka. Awali, wakati jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo, alikuwa upande wa Umoja wa Mataifa na umoja wa Kongo, dhidi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga, na kujitenga kwa Katanga kulikwisha Januari 1963. Lakini Julai 1964 Tshombe huyo huyo akarudi kuwa waziri mkuu, na Washington ikamkumbatia. Kufikia hapo mambo ya Kongo yalikuwa yameshapelekwa kwa Averell Harriman, bosi juu yake. Soapy akabaki kuwaeleza Waafrika siasa ambayo wengine waliipanga. Kama angejiuzulu 1964 ningemheshimu zaidi. Hakujiuzulu.

Binti Pemba

Na Zanzibar? Au sisi hatumo Afrika?

Kobe wa Pwani

Mumo, dada, tena kwa uzito. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwakuta Wamarekani na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kule Tunguu. Waliogopa Kuba nyingine, wakasita kuitambua serikali ya Karume hadi tarehe 23 Februari, huku nchi za kikomunisti zimeshapiga hodi na kukaribishwa. Karume akataka kituo kiondoke, kikaondoka. Balozi mdogo wao aliyefuata, Frank Carlucci, akafukuzwa mwanzoni mwa 1965, na huyo baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Marekani. Yote hayo yalipita juu ya dawati la Soapy, ila sijaona mahali alipoyageuza.

Nimalizie maisha yake. Alijiuzulu 1966 akagombee useneta. Katika mchujo wa chama alimshinda meya wa Detroit, Jerome Cavanagh, kisha akaanguka mbele ya Robert Griffin wa Republican. Johnson akampeleka ubalozi wa Ufilipino, 1968 hadi 1969. Watu wakasema amekwisha. Mwaka 1970 akagombea ujaji wa Mahakama Kuu ya Michigan akashinda, akakaa hadi 1986, miaka minne ya mwisho akiwa jaji mkuu. Alifariki Detroit tarehe 2 Februari 1988, akazikwa kisiwa cha Mackinac, kile kisichoruhusu magari, watu wanatembea kwa farasi na baiskeli.

Mzee Kiroboto

Marahaba. Nimekusoma. Bado nasema maneno ni rahisi, ila nakubali wengine hata hayo hawakuyasema.

Kijana wa Kariakoo

Wakuu mnazunguka, swali langu halijajibiwa. Yule mlowezi wa Lusaka alifanywa nini?

Kobe wa Pwani

Alipelekwa mahakamani, akatozwa faini. Soapy akaendelea na ziara.